Mgomba Uliozikwa Badala ya Kaka

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi vijana hamjambo. Asanteni kwa kunipa nafasi. Niliambiwa niongee dakika 20 kuhusu askari wa Afrika Mashariki kwa vita ya pili ya dunia, na kusema kweli nilikua nimeandika hotuba yenye tarehe nyingi na majina ya majenerali, halafu jana usiku nikaisoma nikaona hapana, hii si yangu. Leo nitaongea juu ya kijana mmoja tu. Alikua kaka ya nyanya yangu, kazi yake ilikua kupangusa injini za treni hapa Nairobi, na alifia baharini Februari 1944 kabla hajafika miaka 22.

Jina lake ndilo jina la baba yangu. Baba yuko hapa, ameketi pale nyuma karibu na mlango, na aliniambia asubuhi hataki jina lake lizunguke midomoni mwa watu, kwa hivyo nitamuita yule kijana venye nyanya alimuita mpaka siku anatuacha. Kaka. Nyanya alikua na kaka wengine watatu, wale walizeeka, tuliwajua, tulikula kwao. Lakini akisema "Kaka" peke yake bila kuongeza neno, nyumba nzima ilijua anaongea juu ya nani.

Walitoka upande wa Butere. Reli ya kutoka Kisumu ilifika Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ikaishia hapo, na Kaka wakati huo alikua mtoto wa kuchunga mbuzi, treni ikipita anaacha mbuzi za watu kwa shamba la watu anakimbia nayo mpaka pumzi iishe. Alichapwa sana kwa sababu ya hio treni. Sasa mtoto kama huyo akikua ataenda wapi kama si kufuata reli? Na si mapenzi ya treni peke yake, wazee mnajua, kulikua na kodi. Kodi ya nyumba, kodi ya kichwa, na hio pesa haikui shambani, lazima mtu atoke aende akaitafute kwa mzungu. Mwanaume akifika miaka 16 anachukuliwa alama za vidole anapewa kipande, karatasi inakunjwa inawekwa kwa kisanduku kidogo cha chuma, unakivaa shingoni. Watu walikua wanakiita kengele ya mbuzi. Kwa hivyo mchungaji wa mbuzi alikuja Nairobi akiwa amevishwa kengele yeye mwenyewe.

Alilala Landhi, pale Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli. Chumba kimoja wanaume watano. Kazi aliyopata ndio ile ya chini kabisa, kupangusa injini. Injini inaingia usiku kutoka safari, bado ina moto, imejaa vumbi na grisi, na kuna zile Garratt kubwa, sijui kama kuna mtu hapa aliwahi kuziona zikitembea, ni kama injini mbili zimebeba boila moja katikati, ndefu kama nyumba. Unapewa tambara na mafuta ya taa unaingia chini ya tumbo lake unaanza kusugua. Asubuhi inatoka inang'aa inaenda zake Mombasa ama Uganda, dereva anapungia watu mkono, na wewe unaenda kulala ukiwa umenuka.

Nataka mnisikilize hapa kidogo kwa sababu hii ndio kitu nyanya alisimulia zaidi kuliko zote. Kaka alikuja nyumbani likizo, mara yake ya mwisho kabla ya jeshi, na nyanya alikua kasichana ka miaka sita ama saba. Akamkalisha kwa goti. Mikono yake alikua amesugua kwa majivu na mchanga lakini ile mistari ya kiganja ilibaki nyeusi, grisi imeingia ndani haitoki tena, imekua kama imechorwa na wino. Nyanya akamuuliza mbona hivi, na Kaka hakuona haya, alishika kidole cha mtoto akakipitisha juu ya ule mstari mrefu polepole akamwambia hii ni reli. Hapa ni Mombasa, karibu na kidole gumba. Hapa Voi. Hapa Nairobi ndio nalala. Sasa tunapanda, tunapanda, hapa Nakuru, shika vizuri usianguke, Kisumu hii hapa, na huku mwisho kabisa chini ya kidole kidogo ndio nyumbani. Nyanya alitufanyia hivyo sisi wajukuu wote, viganja vyetu vilikua safi, vina wino wa shule tu, lakini alikua anavishika vile vile na haruki kituo. Ukitoa mkono kabla afike Butere anakasirika kabisa.

Aliingia jeshi 1942. Nimesikia watu wakisema hawa vijana walikua wajinga, walipigania mfalme hawamjui. Mimi hapo nakataa. Huyu kijana alikua anapata mshahara wa kununua unga na kulipa kodi, kinachobaki hakinunui hata ndama, na jeshi likaja likasema utakula, utavaa, na kila mwezi sehemu ya pesa yako itaenda kwa mama yako. Alikua anafikiria mahari. Kuna msichana alikua amemuona, nyanya alimjua, baadaye aliolewa mahali pengine akazaa watoto wengi na kila mara wakikutana sokoni na nyanya walikua wanashikana mikono muda mrefu bila kuongea. Kwa hivyo msiniambie ujinga. Alipiga hesabu, na kwa vile alivyoona mambo hesabu ilikua sawa. Walioiharibu ni wengine.

Alichaguliwa kwa mizinga, East African Artillery. Vijana walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, kabila makumi, na wakaunganishwa na Kiswahili cha jeshi, kile wazee wanakiita Kikeya, Kiswahili cha KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kimenyooka kama amri, hakina adabu ya pwani hata kidogo. Mzinga uliotumiwa na hivyo vikosi una watu sita hivi, kila mtu na kazi yake, na bomu moja lina uzito wa karibu kilo 11, mtu analibeba mikononi kama mtoto mchanga, kwa haraka, tena na tena. Aliandikiwa barua na mwenzake aliyejua kuandika, ikasomwa nyumbani na mwalimu wa kanisa, na alichosema ni kwamba kazi haijabadilika sana, bado anapangusa chuma, ila sasa chuma chenyewe wanamkabidhi yeye. Nyanya alisema mama yao alicheka kusikia hivyo. Pamoja na barua kulikuja blanketi, nyekundu, aliinunua Bazaar, ile barabara sasa tunaita Biashara Street. Kumbukeni hio blanketi.

Sasa tufike kwa meli.

Meli iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland 1922 ikiwa na jina lingine, ikauzwa kwa kampuni ya Misri, vita ikafika ikageuzwa kuwa ya kubeba wanajeshi. Mwanzoni mwa Februari 1944 ilitoka Mombasa kwenda Colombo, Ceylon, sasa tunaita Sri Lanka. Ilikua kwa msafara wa meli tano za abiria na manowari za kuwalinda, Hawkins, Paladin na Petard. Ndani kulikua na watu 1,511. Wengi wao, 996, walikua maofisa na askari wa kikosi kimoja, 301 Field Regiment, kikosi cha Kaka. Mbele yao kulikua na vita ya Burma, nchi ambayo sasa inaitwa Myanmar. Na sisi tuna soko letu la nyama linaitwa Burma, mnajua tunavyosema hapa mtaani, twende Burma tukule nyama. Kila nikisikia hivyo huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu kuna mtu wangu alikua anaenda Burma hakufika.

Jumamosi tarehe 12, mchana, saa nane na nusu hivi. Bahari imetulia, jua kali, wako kusini magharibi ya visiwa vya Maldives. Juu kulikua na tafrija ya muziki. Wengi wa wale vijana wetu walikua chini, kule ndani ya tumbo la meli, mahali askari Mwafrika aliwekwa, na nikifikiria hapo nakumbuka maisha yake yote ya kazi ilikua kuingia chini ya tumbo la chuma. Nyambizi ya Wajapani, I-27, ikatuma torpedo. Mbili zikapiga. Meli ilizama kwa chini ya dakika 3. Nimejaribu nyumbani kwetu, nimewasha saa ya simu nikaketi tu, dakika 3 ni kuchemsha maji ya chai na bado hayajachemka. Mtu aliye chini na ngazi imejaa watu na meli imelala upande hawezi kutoka kwa huo muda, hata akiwa hodari namna gani.

Na haikuishia hapo, hii sehemu huwa inanipa shida kuisema lakini nitaisema kwa sababu wale waliokua majini ni watoto wa watu. Nyambizi ilijificha chini yao. Waliotoka walikua wanaelea, wanashika mbao, wanaita, na manowari zikaamua kuisaka nyambizi kwanza, zikatupa mabomu ya kulipuka chini ya maji pale pale katikati yao. Kulikua na meli zingine nne za kulindwa, zimejaa watu, naelewa hesabu ya kamanda. Naielewa na bado nashindwa kulala nayo. Nyambizi ilizamishwa baadaye siku hio. Waliookolewa walikua wanaume 208 na wanawake 6. Watu 1,297 walikufa.

Kati ya waliokufa kulikua na wanawake 77, wengi wao manesi kutoka Uingereza, na stori ya hio meli ikisimuliwa mara nyingi inasimuliwa kwa ajili yao. Sina ubaya na hilo, walikua wasichana wadogo, na wao mama zao walingoja. Ninachouliza ni mbona wale mamia ya vijana wa mizinga wanatajwa kwa sentensi moja kisha tunaendelea. Huyu alipangusa injini, mwingine labda alikua boi wa jikoni Parklands, mwingine alikata mkonge, mwingine alichunga. Kila mmoja alikua na mtu wake nyumbani anajua mistari ya mkono wake.

Habari ilifika Butere kupitia kwa chifu. Karatasi. Chifu alisoma, akarudia, akaondoka. Mwili hakuna, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kuona bahari, kwa hivyo waliambiwa mtoto wao yuko ndani ya maji makubwa na hawakua na mahali pa kuliweka hilo neno. Kwetu mtu hawezi kuachwa hivyo, hawezi kukaa nje. Wazee wakakata mgomba. Walichagua mgomba wa urefu wake, nyanya alikumbuka wakibishana, mmoja anasema alikua mrefu kuliko huo, wakatafuta mwingine. Mama yake akaleta ile blanketi nyekundu akaufunga yeye mwenyewe, kutoka chini mpaka juu, akaacha pa uso wazi kama inavyofanywa kwa mtu. Sasa mgomba ukikatwa unatoa utomvu, na mnajua utomvu wa mgomba ukishika nguo umeshika, hautoki kwa sabuni yoyote. Blanketi ikaanza kuingia madoa meusi pale pale watu wanatazama. Na mama yake akaanza kuyapangusa na kona ya kanga yake. Anapangusa, yanatokea mengine. Hakulia wakati chifu anasoma, nyanya alisema, alilia hapo, kwa sababu blanketi ilikua inachafuka.

Ulizikwa kando ya nyumba, na miaka yangu yote ya utoto tukienda ushago tulikua tunaambiwa msicheze pale, Kaka amelala.

Juu ya pesa nitapita haraka kwa sababu nikikaa hapo nitakasirika. Mama yake alitembea mara nyingi kwenda ofisi fulani kufuata haki ya marehemu, anaambiwa leta karatasi, analeta, anaambiwa si hii, rudi mwezi ujao, alikua anaenda kwa miguu na chakula cha njiani. Alipata kidogo mara moja kisha ikaisha. Hata waliorudi wazima walijua, askari Mwafrika alilipwa pesa kidogo sana ukilinganisha na mzungu wa cheo hicho hicho, na vita ilipoisha malipo ya kuagwa nayo yalifuata rangi. Hilo si uvumi, liko kwa rekodi zao wenyewe.

Sasa, kwa nini naongea haya hapa Kariokor? Kwa sababu mtaa wenyewe ni kaburi la maneno. Kariokor ni Carrier Corps, wale wapagazi wa vita ya kwanza, 1914 mpaka 1918, walibeba chakula na risasi mgongoni kupitia Tanganyika yote, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Tunasema jina lao kila siku, kondakta analiita kwa mlango wa matatu, na hatuwasemi wao. Ukienda Kenyatta Avenue utakuta zile sanamu tatu za shaba, zimesimama tangu 1928, askari na mpagazi, na chini kuna maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Inasema ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watakumbuka jina lako.

Niliwahi kusimama pale na nyanya, 1997 hivi, tulikua tunatoka kumuonyesha daktari wa macho. Nikamsomea. Akaniuliza tu, na kama hakuacha mtoto? Nikakosa jibu. Tukavuka barabara. Lakini kumbe jibu alikua nalo yeye tangu zamani, alipozaa kijana wake wa kwanza alimpa jina la Kaka, ndio huyu mzee ameketi pale mlangoni. Na mkono wa huyu mzee pia ulikua na mistari myeusi, wengi wenu mnamjua, alitengeneza magari Grogan miaka na miaka.

2021 ile tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na nchi za Commonwealth ilitoa ripoti na ikaomba msamaha, wakakubali kwamba watu 116,000 kwenda juu, pengine mpaka 350,000, waliokufa kwa vita ya kwanza hawakuandikwa kwa jina ama hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa kwetu huku Afrika Mashariki na wa Misri. Waliona mpagazi hahitaji jiwe. Niliisoma hio ripoti kwa simu nikiwa kwa foleni ya benki na nikaona heri nyanya ameshaenda, halafu baadaye nikaona hapana, angepaswa kuisikia.

Vita ya pili ilikua tofauti kidogo kwa upande wa majina. Pale Ngong Road, ukipita kando ya msitu, kuna makaburi ya vita ya Nairobi, yalifunguliwa 1941. Ndani yake kuna East Africa Memorial, ukuta wa wale ambao kaburi lao halijulikani, waliopotelea Ethiopia na Somalia na Madagascar, na vijana wa mizinga wa Khedive Ismail wako hapo. Nilikaa Nairobi hii miaka 30 na zaidi bila kujua. Tulienda na baba mwaka jana. Pametunzwa vizuri, nyasi imekatwa, kimya, unasikia ndege tu na malori kwa mbali. Tulitafuta karibu saa nzima kwa sababu macho ya baba si mazuri na mimi nilikua naruka mistari, na yeye ndiye alilipata. Aliliona jina lake mwenyewe kwa ukuta wa wafu. Hakusema kitu. Alitoa leso akapangusa zile herufi, moja moja, zilikua na vumbi kidogo tu, na alipomaliza hakurudisha leso mfukoni, aliishika mkononi mpaka tukafika nyumbani.

Jumamosi hii tunarudi, na tunataka twende wengi. Mwenye babu ama mjomba aliyeenda hio vita, hata kama mnajua jina moja tu, njoo nalo limeandikwa. Tutakutana steji ya Railways saa mbili asubuhi, tutapanda 111 pamoja. Baba amesema ni lazima tuanzie Railways, na tutoke kwa wakati. Wazee watakaochoka kutembea kutoka barabarani waniambie leo kabla hatujaondoka hapa, nitafute gari ya kuwabeba.